Mwacheni Rosa, Mwulizeni Charles

Kwenye kikao chetu cha mwisho cha wasomaji hapa Mwanza, zamu ilikuwa ya Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Niliingoja siku hiyo kwa hamu kubwa. Hatujakaa vizuri, kijana mmoja mwalimu, mpole na msomaji mzuri kabisa, akatoa hukumu: Rosa ni mhusika asiyefaa kuigwa na jamii. Mwasherati, katoa mimba, mwisho kajiua. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Dada mmoja akaongeza kwamba yeye anayemhurumia ni Charles, mchumba wake Rosa, maana kijana wa watu alipenda kwa moyo mmoja akaja kuambulia binti aliyekwisha kuchezewa.

Nilijibu pale pale, lakini kikao kina muda wake na wenyeji wana chakula mezani. Namalizia hapa, kwa sababu jambo hili linaniuma kweli.

Sote tunaijua hadithi. Kijiji cha Namagondo, Ukerewe, baba Zakaria na pombe yake, mama Regina na uvumilivu wake, mabinti waliofuatana na Rosa akiwa wa kwanza. Tunaikumbuka pia ile barua ya mapenzi iliyomletea Rosa kipigo cha baba yake mwanzoni mwa kitabu. Ajabu ni kwamba wasomaji wengi wanaikumbuka kama kisa cha baba mkali, na wanamsahau aliyeiandika. Aliyeiandika ni Charles. Kipigo cha kwanza tunachokishuhudia kwenye mwili wa Rosa kinatokana na mapenzi ya Charles. Tafadhali likumbukeni hilo, nitalirudia.

Siku ile Rosa alijifunza jambo moja tu: mvulana akikutazama, wewe ndiye utakayeumizwa. Akaenda nalo mpaka sekondari ya Rosary. Wenzake wanazungumza na wavulana, wanacheka, wanakosea na kujirekebisha kama vijana wote wanavyokua, yeye anatetemeka. Wapo wanaosema Rosa wa wakati ule ndiye Rosa mwema. Mimi namwona mtoto aliyejawa hofu. Zakaria hakumwambia binti yake neno hata moja kuhusu mwili wake, kuhusu wanaume, kuhusu namna ya kusema hapana na hapana hiyo ikasikika. Alimpa fimbo. Fimbo ilibaki Ukerewe, Rosa akavuka maji kwenda Mwanza, na hofu ilipokwisha hakikubaki chochote cha kumshika.

Halafu tazameni wanaompokea. Deogratias ni mtu mzima mwenye cheo. Thomas ni mkuu wa chuo cha ualimu anachosoma Rosa kule Morogoro, mwenye uwezo wa kumpandisha au kumfukuza. Hawa ndio wanaume wenye madaraka ya kumlinda, na ndio wanaomtumia. Kwenye kikao chetu hakuna aliyemtaja Thomas mpaka nilipomtaja mimi. Tulizungumza karibu saa nzima kuhusu mimba iliyotolewa bila kumgusa mwenye chuo.

Sasa turudi kwa Charles, kwa sababu Zakaria na Thomas ni rahisi kuwalaani, na wakishalaaniwa kila mtu hujiona amemtendea Rosa haki. Charles ndiye mtihani. Ndiye tunayempenda. Kijana wa kwao, anamfahamu tangu utotoni, anarudi wakati Rosa amekwisha kubadili maisha na kuwa mwalimu, mtulivu, na wanachumbiana. Ukifika hapo unapumua. Unasema jamani, angalau huyu. Mimi pia kila nikisoma sura zile natamani kitabu kiishie hapo, waoane, Regina apate siku moja ya furaha.

Na Charles anamwacha kwa sababu ya yaliyopita.

Yaliyopita ya nani? Rosa alipigwa kwa sababu ya barua ya Charles. Njia yote aliyopita baada ya hapo inaanzia kwenye kipigo kile. Katika wanaume wote wa kitabu hiki, Charles peke yake ndiye aliyemjua Rosa kabla hajaumizwa, ndiye anayejua aliumizwa na nani na kwa ajili gani. Mtu huyo ndiye alipaswa kuwa wa mwisho kudai bikira. Alipaswa kukaa naye chini na kumwambia, pole. Badala yake anamkagua kama mnunuzi anavyokagua bidhaa, akiona alama anairudisha dukani. Rosa alikuwa amestahimili fimbo za Zakaria, Deogratias, Thomas na maneno ya watu. Alistahimili hata aibu yake mwenyewe, akasimama tena. Kilichomshinda ni kukataliwa na mtu pekee aliyemwamini kwamba anaweza kuanza upya.

Yule dada kikaoni alinijibu: mwanamume yeyote angefanya vile. Inawezekana. Ndiyo kusema basi mwanamume yeyote angemuua, na bado tungekaa hapa tukimjadili Rosa. Kwa miaka yote ambayo nimekizungumza kitabu hiki na watu, sijasikia msomaji akiuliza Charles mwenyewe alikuwa msafi kiasi gani. Swali hilo halimjii mtu kichwani, na mimi linaninyima usingizi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Rosa si malaika. Kuna mahali anachagua, anajua anachofanya, na anakifurahia. Kezilahabi hakuandika kondoo wa kafara, na angefanya hivyo kitabu kingekufa mapema. Hata mbinguni, kwenye kurasa za mwisho, baba na binti wanakabiliana kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole, na mwandishi hamwachi Rosa atoke bila kujibu. Sawa. Lakini kijana anaweza kuwa na makosa yake na bado akawa mtoto aliyeangushwa na wakubwa. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja ndani ya mtu mmoja. Tukishindwa kuyashika yote mawili kwa mpigo, sioni tunasomea nini riwaya.

Angalieni tunavyowasoma watoto wengine. Peter na Zita wa riwaya ya Watoto wa Mama N'tilie, tunawalilia. Njaa yao inaonekana, baba yao mlevi anaonekana, shule iliyowafungia mlango inaonekana. Hakuna anayesema walijitakia, hata Peter anapoingia kwenye mambo ya hatari. Zakaria naye ni mlevi, nyumba yake nayo ina dhiki. Tofauti ni kwamba Rosa amelala na wanaume, na hapo huruma yetu inakauka ghafla. Maimuna wa riwaya ya Utengano amepata bahati kidogo kwa sababu baba yake, Maksuudi, ni mbaya waziwazi, lakini hata yeye nimesikia akiitwa aliyeharibika, kana kwamba hakufungiwa ndani ya kuta za nyumba ya baba yake mpaka akashindwa kujua dunia inafananaje.

Kitabu cha Rosa kilitoka mwaka 1971. Mwaka huohuo nchi yetu ilipitisha Sheria ya Ndoa, iliyomruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, na mvulana asubiri mpaka 18. Nikiviweka viwili hivyo sambamba namwona Zakaria akisimama ndani ya sheria. Mwili wa binti ni mali ya baba: akiutoa yeye ni ndoa, akiutoa binti mwenyewe ni uasherati. Ilichukua mpaka 2016 kwa Mahakama Kuu kusema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na mpaka 2019 kwa Mahakama ya Rufani kuukazia uamuzi huo. Na wakati sheria inaruhusu hayo, kilichopigwa marufuku mashuleni kilikuwa riwaya hii ya Rosa. Wakubwa waliona hatari iko kwenye kurasa.

Nilisoma na msichana mmoja, hodari wa hesabu kuliko sisi wote. Tukifungua shule tulikuwa tunapangwa mstari kupimwa mimba, na muhula mmoja yeye hakurudi kwenye mstari. Alifukuzwa. Mwanamume aliyehusika alijulikana na kila mtu, alikuwa mtu mzima mwenye familia, na aliendelea na shughuli zake jirani kabisa na shule, tukimpita kila asubuhi na kumwamkia shikamoo. Sisi wanafunzi tulimsema nani? Tulimsema yule msichana. Tulisema alijifanya mkubwa. Mpaka Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi kwenye shule za kawaida, mlango ule ulikuwa umefungwa, na yeye alikuwa amekwisha kuwa mama mwenye watoto wakubwa. Nikisoma Rosa naisikia sauti yake akinieleza mlinganyo ubaoni.

Ndiyo maana sikubali mtu aniambie hawa ni wahusika tu, mbona unakasirika. Namna tunavyomzungumza Rosa mbele ya vijana ndivyo wanavyojifunza kumzungumza jirani yao. Kwenye kikao kile walikuwapo mabinti wawili wa kidato cha pili, walikuja na shangazi yao. Walikaa kimya muda wote. Walisikia watu wazima wenye elimu wakisema binti aliyefanyiwa yote yale ndiye asiyefaa, na aliyemwacha ndiye wa kuhurumiwa. Siku mmoja wao akiandikiwa ujumbe na mkuu wa chuo, atamwambia nani?

Wale wanaoogopa kwamba kumwonea Rosa huruma ni kuhalalisha uhuni, sina muda nao.

Ombi langu ni kwa walimu, kuanzia na yule kijana mpole, ambaye najua atasoma hapa. Mkimaliza kuwauliza wanafunzi kama Rosa anafaa kuigwa, waulizeni pia kama Charles anafaa kuolewa naye. Waambieni waitafute ile barua ya mwanzo, wataje aliyeiandika, kisha wafuate njia yote mpaka mwisho, na waeleze Charles alipaswa kufanya nini siku aliyoujua ukweli. Wape kurasa tatu. Na wavulana waanze kujibu.