Picha Yake Tumeiona, Vitabu Vyake Je?

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulikuwa chini ya mwarobaini tunakunywa chai. Simu ikaanza kuzunguka mkono kwa mkono. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya Rachel Mann, kasisi wa Kianglikana wa Manchester, mwanamke aliyebadili jinsia, amevaa kola yake nyeupe. Wa kucheka walicheka, wa kutikisa kichwa wakatikisa. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akauliza, "Mtu kama huyu atatufundisha nini kuhusu Mungu?" Nilirudisha kikombe kwenye sinia, nikaaga. Ukimya wangu umenikaa kooni wiki nzima, maana jibu ninalo.

Mwaka ule mama yangu alipokuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, watu wa maombi walikuja nyumbani. Waliimba vizuri, wakaomba kwa machozi ya kweli. Kisha mmoja wao akamwinamia mama, akamwambia kuna mlango ameufungua, autafute, atubu, na figo zitarudi. Mama akaitikia amina. Walipoondoka alibaki anakunja ncha ya kanga yake na kuikunjua, anakunja na kukunjua, mpaka akaniuliza: "Hivi mwanangu, nilimkosea Mungu wapi?"

Wiki zile, kwenye benchi la nje ya wodi, ndipo nilipomsoma Rachel Mann kwa mara ya kwanza, kwenye simu. Kitabu ni Dazzling Darkness, cha mwaka 2012. Nilikitafuta kwa sababu ya ugonjwa, wala si kwa sababu ya jinsia. Mwandishi mwenyewe anaishi na ugonjwa wa Crohn, ule wa utumbo, unaotulia ukadhani umeondoka kisha ukarudi. Anauandika mwili wake bila kuupamba: maumivu, uchovu, hospitali. Hasemi kwamba Mungu alikuwa anamwadhibu, wala hasemi kwamba imani ilimwondolea maradhi. Anasema alimkuta Mungu humo humo gizani, kwenye jeraha lenyewe. Jina la kitabu linatoka kwa mshairi wa karne ya 17, Henry Vaughan, aliyeandika kwamba ndani ya Mungu mna giza lenye kung'aa. Nikaikumbuka Kutoka 20, pale watu waliposimama mbali na Musa akalikaribia giza kuu alimokuwamo Mungu. Sura hiyo nimefundishwa tangu Shule ya Jumapili kwa ajili ya amri kumi. Mstari wa 21 sijawahi kuusikia ukihubiriwa.

Jioni nilimtafsiria mama kurasa chache. Hakuuliza mwandishi ni nani. Alisikiliza amefumba macho, kisha akasema, "Huyo ameugua kweli." Usiku ule alilala.

Kwa hiyo ninaposikia swali la mzee, naumia. Watu hawa tumewafanya mada. Tunawajadili kwenye semina, tunawaombea kama janga, tunawasambaza kwenye simu, lakini kukaa chini tukamsoma mmoja wao akizungumza juu ya msalaba, hapana. Hata historia yake tunaigeuza. Nimesikia ikisemwa kwamba kanisa la Uingereza ndilo lililompoteza. Rachel Mann, aliyezaliwa mwaka 1970, alibadili jinsia akiwa kijana asiyemwamini Mungu hata kidogo. Kristo alimkuta baadaye, akiwa tayari ni Rachel. Kisha akawa kasisi, akahudumu miaka mingi katika kanisa la Mtakatifu Nikolao, Burnage, na mwaka 2023 akateuliwa kuwa Arkidikoni, yaani kasisi mwandamizi anayemsaidia askofu, wa Bolton na Salford. Katikati ya hayo kuna mashairi, riwaya, na miaka ya kuwa mshairi wa Kanisa Kuu la Manchester.

Najua mwaka huo huo wa 2023 ndio Sinodi Kuu, baraza la maamuzi la Kanisa la Uingereza, ilipopiga kura kuhusu baraka kwa wapenzi wa jinsia moja, na Waanglikana wengi wa Afrika wakaghadhibika. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wenzangu wengi wana hofu ya kweli, si chuki. Wanaogopa kuamuliwa mambo na watu wa mbali, na kwa historia yetu siwezi kuwalaumu kwa hilo.

Lakini hata hapo angetufaa. Ana kitabu kingine, cha mwaka 2017, juu ya Vita Kuu ya Kwanza na namna taifa linavyokumbuka wafu wake. Anaanzia kwa babu zake. Nilikisoma nikiwafikiria wapagazi wetu, wale wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza katika vita hiyo, walioacha jina Kariakoo na wengi wao wasiache hata kaburi. Ningependa siku moja kukizungumza na vijana wa kanisani, tumesimama pale kwenye sanamu ya askari wa vita hiyo, Posta, Dar es Salaam.

Yule mzee ana kisukari. Kidonda cha mguuni hakijafunga tangu mwaka jana, na najua na yeye ameshaambiwa autafute mlango alioufungua. Zile kurasa nilizomsomea mama nimeanza kuziandika vizuri kwa Kiswahili, kwa mkono, herufi kubwa, maana macho ya mzee yamechoka. Jumapili nitampelekea. Jina la mwandishi nimeliandika juu kabisa.