Kura milioni 132, watazamaji wako wapi?

Kuna hesabu moja ya American Idol, lile shindano la kuimba la tv ya Marekani ambalo watazamaji ndio wanampigia kura mshindi, imenikaa kichwani wiki nzima, nisipoiandika sitalala. Mei 2003, fainali ya msimu wa pili, Ruben Studdard na Clay Aiken. Walioangalia kule Marekani ni watu milioni 38, kura zilizopigwa usiku ule milioni 24 na kitu, na Ruben akapita kwa tofauti ya kura laki moja na elfu thelathini na nne hivi. Sasa twende Mei 2012, msimu wa 11, Phillip Phillips na Jessica Sanchez. Mtangazaji wa shoo, Ryan Seacrest, anasimama stejini anatangaza kwa mbwembwe zake kura milioni 132, rekodi mpya. Watazamaji je? Milioni 21 na nusu. Ilikuwa fainali yenye watu wachache kuliko zote zilizotangulia, hata ile ya kwanza kabisa ya Kelly Clarkson mwaka 2002, shoo haina hata jina, ilipata milioni 22 na ushee.

Yaani watu wamepungua karibu nusu, kura zimeongezeka mara tano na zaidi. Ukigawanya ni kura sita kwa kila mtu aliyekaa mbele ya tv, na hapo umewahesabu na watoto waliosinzia kwenye kochi.

Mi huwa nikisikia watu wanajadili kwa nini Idol ilishuka majibu ni yale yale, eti jaji Simon Cowell aliondoka 2010 akaenda kuanzisha shindano lake la X Factor, shindano jingine la The Voice likaingia 2011 na vile viti vya kuzunguka, watu wakahamia YouTube, basi. Sikatai. Na ni kweli tv zote za Marekani zilikuwa zinapoteza watu miaka ile, sio Idol peke yake, hakuna shoo ya kawaida leo inaota kupata wastani wa milioni 30 kama Idol ilivyopata 2006. Ila mi naona shoo yenyewe ilijichimbia shimo, na jembe lilikuwa ile kura waliyokuwa wanajisifia.

Utaratibu ulikuwa hivi. Shoo ikiisha simu zinafunguliwa masaa mawili, unapiga bure, na unapiga mara nyingi uwezavyo mpaka kidole kiote sugu. Kuna na meseji. Halafu 2011 wakaongeza kura za mtandaoni kwa akaunti ya Facebook, mtu mmoja kura hamsini. Kwa hiyo anayeamua nani abaki sio yule mama aliyeangalia na familia yake, akacheka, akasema huyu binti anaimba, akaenda kulala. Anayeamua ni binti wa miaka 14 aliyejifungia chumbani na simu masaa mawili anampigia kijana mmoja mwenye gitaa.

Na kweli gitaa lilishinda. David Cook 2008, Kris Allen 2009, Lee DeWyze 2010, Scotty McCreery 2011, Phillip Phillips 2012. Wanaume weupe watano mfululizo, wote wanashika gitaa, Wamarekani wenyewe wakawa wanalitania jambo hilo. Sisemi hawajui, Cook mi namkubali sana. Lakini ukiwa mtazamaji wa kawaida na miaka mitano unaona mwisho ni ule ule, we utakaa wiki zote hizo kuanzia Januari mpaka Mei unasubiri nini?

Waandaaji walikuwa wanaliona hili, usidhani. 2004 Jennifer Hudson alitolewa akiwa wa saba, miaka mitatu baadaye huyo huyo anabeba Oscar. 2006 Chris Daughtry akaishia wa nne watu midomo wazi. 2007 ndio kioja, yule Sanjaya Malakar, sauti ya kawaida tu ila nywele kila wiki mtindo mpya, kukawa na kampeni kabisa ya kumpigia kura aliye mbovu ili kuwakomoa wenye shoo, na Sanjaya akasogea mpaka nafasi ya saba. Sasa 2009 wakaleta kitu kinaitwa save, majaji wanaruhusiwa mara moja kwa msimu kumrudisha aliyetolewa. Hebu fikiria maana yake. We mwenye mchezo unakiri kwamba kura zako haziaminiki mpaka unaweka tairi la akiba. Na hilo tairi lenyewe unalo moja tu. 2011 walilitumia kwa Casey Abrams, wiki mbili mbele akatolewa Pia Toscano, binti mwenye sauti kubwa pale, hakuna cha kumwokoa, Jennifer Lopez akalia kwenye kiti cha jaji. Huyo Jessica Sanchez wa 2012 alishatolewa na kura pia, majaji wakapanda stejini kumrudisha, na akafika fainali.

Hapa ndio namkumbuka mama mdogo wangu. Yeye hajawahi kuangalia Idol nzima, yeye alikuwa wa Bongo Star Search (BSS), shindano la kuimba la hapa Tanzania, enzi za majaji Madam Rita, Master J na Salama Jabir. Sebuleni kwake siku ya BSS ulikuwa hupati pa kukaa, majirani wanakuja na watoto wao, na usaili ndio ulikuwa utamu wenyewe, mtu anaingia anakazana kuimba kama anafukuza mbuzi shambani, Master J anamuangalia tu. Mama mdogo hakuwahi kutuma meseji hata moja ya kura. Hata moja! Mi ndio nilikuwa namaliza vocha, msimu mmoja nilituma meseji kama arobaini kwa usiku mmoja kwa mshiriki wangu, hela ya nauli ya wiki nzima ikaisha, nikatembea kwa mguu mpaka Ijumaa (na hakushinda). Yeye alikuwa na kijana wake mmoja wa Morogoro anayempenda, akimsikia anaweka mkono shavuni. Kijana akatolewa mapema tu. Mama mdogo hakulalamika wala hakutukana mtu, wiki iliyofuata tulipokusanyika tukamkuta yuko jikoni anachambua mchele, tv imezimwa, akasema kama mnataka kuangalia washeni wenyewe.

Sasa mi siku ile nilihesabika mara arobaini. Yeye hakuhesabika popote. Lakini watu kama yeye ndio walikuwa wanajaza sebule, na mtangazaji wa biashara anamlipia yeye, sio meseji zangu. Kule Marekani kampuni ya Nielsen wanaweka vifaa kwenye nyumba za sampuli wanapima nani anaangalia nini, hawana habari umepiga kura ngapi, kwao mwendawazimu wa kura mia tatu na bibi aliyekaa kimya wote ni mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo Idol ilikuwa na vipimo viwili vinavyokwenda kinyume, kimoja kinapanda kinatangazwa stejini, kingine kinashuka kinasomwa ofisini asubuhi. 2006 fainali milioni 36 kura milioni 63. 2008 watu kama milioni 32 kura milioni 97 na nusu. Na Seacrest anashangilia rekodi!

Niwe mkweli, 2011 fainali ilipanda, ikafika kama milioni 29 kutoka 24 za mwaka uliotangulia, kwa hiyo hesabu yangu haijanyooka kabisa. Mi naamini watu walirudi kumchungulia Steven Tyler na J.Lo wakiwa majaji wapya, na kweli Tyler alikuwa kituko. Ila hapo waandaaji wakajifunza somo ambalo silo, wakadhani watu wanafuata majaji. Ndio tukaletewa 2013 Mariah Carey na Nicki Minaj wagombane, Mariah ikaripotiwa analipwa dola milioni 18, ugomvi ukajaa kwenye habari kuliko nyimbo. Fainali ya mwaka huo Candice Glover alishinda, na Candice anaimba jamani, anaimba mpaka nywele zinakusimama, lakini waliomuona siku anashinda ni milioni 14 tu. Mwaka mmoja watu milioni saba wameondoka. Yule binti ndiye mshindi ambaye mama mdogo angempenda, ila alikuja wakati kina mama mdogo wa huko wameshazima.

Fox, kituo cha tv kilichokuwa kinairusha, wakaifunga Aprili 2016, Trent Harmon akashinda, fainali ikapata kama milioni 13 kwa sababu watu hupenda kuja msibani. Ile fainali ilifunguliwa na Obama kwenye video, rais kabisa, anaipongeza shoo kwa kuwafanya vijana wapige kura miaka yote hiyo halafu anawahimiza wakajiandikishe kwa uchaguzi wa kweli. Nilicheka peke yangu. Maana kwenye uchaguzi wa kweli mtu akipiga mara hamsini anakamatwa.

Kituo kingine, ABC, waliirudisha 2018 na majaji kina Katy Perry, Lionel Richie na Luke Bryan, kura wakazipunguza zikawa kumi kwa kila njia, na matokeo yakawa yanatoka usiku huo huo nchi nzima. Nadhani ni uamuzi wa busara uliochelewa miaka kumi. Siku hizi wakipata milioni tano wanashukuru Mungu, Carrie Underwood aliyeshinda 2005 amekaa kiti cha jaji tangu 2025, na mimi huwa naona vipande tu kwenye simu, dakika mbili mtu anaimba, majaji wanalia, nasogeza juu.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa mama mdogo, anaangalia tamthilia yake ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, hataki kusemeshwa. Tangazo lilipoingia nikamwambia mama mdogo unakumbuka enzi za BSS hapa, tulivyokuwa tunajaa? Akasema anakumbuka. Kimya kidogo, halafu akaniuliza hivi yule kijana wa Morogoro walishamrudisha?