Kosa la rubani linaishia wapi? Ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo

Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air aina ya Dash 8 Q400, ikitoka Newark kwenda Buffalo katika jimbo la New York, iliangukia nyumba moja huko Clarence Center, kilomita chache kabla ya kufika uwanjani. Watu wote 49 waliokuwamo walifariki, pamoja na mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo. Wengi walidhani barafu ya usiku ule ndiyo iliyoiangusha. NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilisema vingine mwaka uliofuata: chanzo ni namna rubani mkuu alivyoliitikia onyo kwamba mbawa zinakaribia kushindwa kuibeba ndege.

Uamuzi huo ni vigumu kuupinga. Mwendo ulipungua mno bila rubani yeyote kati ya wawili hao kuushtukia, ingawa vipimo vilikuwa mbele ya macho yao, na mazungumzo yasiyohusu kazi yaliendelea chini ya futi 10,000, ambako kanuni inayakataza. Usukani ulipotikisika kuwaonya, ilipasa pua ya ndege ishushwe na injini ziongezewe nguvu zote; rubani mkuu akauvuta kwake, na mtambo wa usalama ulipousukuma mbele, akashindana nao. Ndege haikuwa na hitilafu, na barafu iliyoganda juu yake haikutosha kuiangusha.

Hata hivyo, kusema hivyo ni kueleza sekunde chache za mwisho tu. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi, ili aripoti kazini. Mkuu wake alikuwa ameupitisha usiku huohuo katika chumba cha mapumziko cha wafanyakazi pale Newark. Mtambo ule wa kusukuma usukani, mafunzo ya kampuni hayakuwa yamewaonyesha marubani kwa vitendo jinsi unavyofanya kazi. Mtu anayekutana na kitu kama hicho kwa mara ya kwanza gizani, karibu na ardhi, amekosea kweli, lakini si peke yake.

Ndani ya bodi yenyewe hawakukubaliana kuhusu uchovu. Mwenyekiti, Deborah Hersman, alitaka uhesabiwe miongoni mwa mambo yaliyochangia ajali. Wenzake walikiri kwamba huenda uliwaathiri marubani, ila kiasi chake hakipimiki. Hoja yao ina uzito, kwa kuwa ripoti inayodai isichoweza kuthibitisha hupoteza imani ya wasomaji wake. Mimi naona Hersman alikuwa na haki zaidi: uzembe wa kutotazama vipimo nao haupimwi kwa mizani, na bado uliandikwa.

Sheria iliyofuata ndiyo inayonitatiza. Bunge liliipitisha mwaka 2010, familia za waliofariki zikiwa mstari wa mbele kuidai, na tangu 2013 rubani msaidizi wa shirika la ndege hutakiwa, isipokuwa kwa misamaha michache, kuwa na saa 1,500 angani. Marubani wa Colgan wote wawili walikuwa wameshapita saa 2,000! Wanaoitetea husema kwamba hadi Januari 2025 Marekani haikuona tena ajali ya shirika lake la abiria yenye vifo vingi kama hivyo, na jambo hilo si dogo. Lakini katika miaka hiyohiyo zilibadilishwa pia kanuni za mapumziko, na mazoezi ya kuiokoa ndege iliyopoteza mwendo yakaongezwa kwenye mitambo ya kuigiza urukaji, mabadiliko yanayogusa moja kwa moja kilichotokea Clarence Center. Saa nyingi za kuzunguka na ndege ndogo siku ya jua hazimfundishi mtu kukabili usukani unaotikisika.

Rubani mkuu yule alikuwa amefeli mitihani kadhaa ya urubani, na baadhi yake hakuitaja alipoomba kazi. Sheria ya 2010 iliagiza iundwe hifadhi moja ya kumbukumbu za namna hiyo, ambayo kila mwajiri angelazimika kuipitia. Kanuni yake ilikamilika mwaka 2021.