Mkate Wenye Mpini

Ami yangu wa Nungwi ni mvuvi wa mshipi, na siku aliponialika baharini alitoa sharti moja: "Ukija, njoo na kisu chako. Mambo ya kuazimana kisu baharini siyataki."

Mtu mwengine angechukua kisu cha jikoni, akakiviringisha gazeti, akapanda gari. Mie nikaona fursa hiyo imenijia. Mtu mzima na ndevu zangu, sijawahi kumiliki kisu cha kukunja, na kila nikenda shamba nabaki kusema, "Samahani, hebu niazime kidogo." Nikaanza kusoma habari za visu usiku na mchana, hata mke wangu akaniuliza kama kuna mtihani.

Wa kwanza kunivutia alikuwa yule mwekundu mwenye msalaba mweupe, Victorinox. Mwanzilishi wake, Karl Elsener, alianza kuwapelekea askari wa Uswisi visu vya kukunja mwaka 1891, na mpaka leo vinatoka. Vyengine vina mkasi, bisibisi, cha kufungulia chupa, mpaka kijiti cha kuchokolea meno. Lakini vile vidogo havina komeo. Bapa linashikwa na springi tu, na ukichoma kitu kigumu linaweza kukurudia vidoleni. Vidole vyangu mie nalia biriani.

Nikahamia kwa Mfaransa, Opinel, aliyeanza mwaka 1890. Mpini wa mti, na shingoni pana pete ya chuma unayoizungusha kulizuia bapa lisirudi. Pete hiyo ililetwa mwaka 1955. Kisu chepesi, cha kiungwana. Ila mti ukilowa huvimba, bapa likabana ndani, ulitoe kwa meno. Tena viko vya chuma cha kaboni, ambavyo vinanoleka vizuri sana, lakini kwa hewa yetu hii ya chumvi utakuta kutu kabla hujamaliza kukisifia.

Basi nikakata shauri, na mpaka leo nasema nilichagua vizuri: chuma kisichoshika kutu, bapa la sentimita 8 hivi, mpini wa plastiki ngumu wenye mikwaruzo ili mkono usiteleze ukiwa na ute wa samaki, na komeo la kweli. Dafu sikulihesabu. Dafu lina panga lake.

Nilikipata Darajani, kwa kijana anayeuza tochi, betri, kufuli na mashine za kunyolea. Alikitoa chini ya kioo, akasukuma kwa kidole gumba, bapa likatoka: ta!

"Umekisikia, mzee wangu? Hiki kikishafunguka, hakifungiki ng'o!"

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayatafuta. Tukavutana bei, tukapatana, akakifunga mwenyewe huku anamjibu mteja mwengine, akanitilia kwenye mfuko. Nikaongeza maboflo mawili ya kupeleka kwa ami, kisha nikanunua chungwa.

Chungwa lenyewe lilikuwa na kesi. Machungwa kwetu huuzwa yameshamenywa, kwa ile mashine ya kuzungusha kwa mkono. Ganda linashuka utepe mmoja mrefu na chungwa linabaki jeupe. Nikamwambia muuzaji nataka lisilomenywa.

"Kumenya bure."

"Najua."

"Basi lete nikumenyee."

"Nnacho kisu."

Akanipa chungwa langu, akageukia wateja wenye akili.

Nikapanda 116, gari ya Nungwi. Tukapita Mtoni, tukapita Bububu, upepo mzuri, nikaona wakati umefika. Nikatoa kisu. Ta! Gari zima likageuka. Kijana wa skuli aliyekaa mbele yangu akasema, "Duh, kaka!" na mie nikajibu kwa utulivu wa mtu aliyezaliwa nacho. Nikaanza kumenya, na huku namfahamisha habari za kaboni na chumvi. Nilifika nusu ya chungwa. Hapo gari likaingia kwenye tuta, sote tukaruka, na bi mkubwa wa ubavuni kwangu, mwenye ndoo ya dagaa mapajani, akasema kwa upole:

"Baba, hebu kifunge hicho."

"Nakifunga, bi mkubwa."

Nikakisukuma. Kimya. Nikasukuma kwa nguvu zaidi. Komeo lilikuwa imara sana, sifa zote nilizozisoma zilikuwa kweli. Nikatafuta kitufe. Hakuna kitufe. Nikabonyeza mgongoni, nikabonyeza mkiani, nikauvuta ule msumari wa kati.

"Mbona hukifungi?"

"Nakifunga, bi mkubwa."

"Mie naona unakitazama tu."

Tuta jengine. Safari hii watu walipiga kelele. Bi mkubwa akahamisha ndoo upande wa pili, na baada ya ndoo akajihamisha na yeye. Ubao wa watu watano nikabaki nimeukalia peke yangu, raha mustarehe, wenzangu wamerundikana upande wa pili. Mashauri yakaanza kuja kwa mbali. Mmoja akasema nikipige kwenye goti. Mmoja akasema kitiwe mafuta ya cherehani, lakini nani anapanda gari na mafuta ya cherehani? Mzee wa kanzu akaniuliza kama nilipokifungua nilipiga bismillahi. Na mmoja nyuma kabisa, mtu wa kazi yake, akasema, "Kirejeshe dukani," na sisi tushafika Mahonda.

Konda alikuwa anapita anakusanya nauli. Alipofika kwangu alisimama hatua mbili nyuma.

"Wewe mpe bi mkubwa. Yeye atanipa."

Bi mkubwa ndiye aliyepata dawa. "Una mikate hiyo. Kitumbukize humo, sote tupumue." Nikaingiza bapa lote ndani ya boflo mpaka kwenye mpini, nikalipakata. Wallahi lilikuwa wazo zuri. Watu wakarudi mahali pao, mazungumzo yakarudi kwenye bei ya sukari.

Mbele kidogo askari wa barabarani wakatusimamisha. Walikuwa wanatazama idadi ya abiria tu. Afande mmoja akaingiza kichwa, akasalimia, sote tukaitika, macho yake yakapita kwenye nyuso, kwenye ndoo, kwenye mizigo, yakafika mapajani kwangu. Yakasimama.

"Mzee. Mkate huo una mpini?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maelezo mazuri tu, ya Uswisi na Ufaransa na kila kitu, lakini hayakutoka. Bi mkubwa akanisemea.

"Mwanangu, huyu si jambazi. Hajui kukifunga tu."

Gari lilicheka mpaka dereva akazima moto. Afande hakucheka, nampa heshima yake, ingawa mashavu yalimtaabisha. Akaniambia nikitoe polepole. Nikakitoa na vipande vya mkate vimekigandia. Akasema yeye anavijua visu hivi, na kaka yake anacho. Akaanza kubonyeza mgongoni mwa mpini mpaka kidole chake kikageuka cheupe, maana cha kaka yake, kumbe, ni kile chenye komeo la mgongoni. Akamwita mwenzake. Mwenzake akakipindua juu chini, akakitikisa, akakisikiliza. Nyuma yetu gari za watalii zilishapanga foleni.

"Kirudishe kwenye mkate," afande akaamua. "Na ukifika, tafuta mtu."

Nungwi niliteremka na boflo langu, konda akaniaga kwa adabu kubwa. Ami nilimkuta barazani anafunga ndoana. Nikamweleza. Alicheka mpaka mshipi ukamtatizika, akaingia ndani akatoka na kisu chake yeye: kipande cha msumeno kilichochongwa kikanolewa, mpini umezungushiwa mpira wa baskeli, ala yake kipande cha bomba la plastiki.

"Changu hakina habari ya kufunga wala kufungua," akasema. "Kimekaa tu."

Lakini macho yake hayakutoka kwenye changu. Tukakaa nacho, yeye akibonyeza, mie nikibonyeza, mpaka mjukuu wake akaja kuchungulia. Mtoto wa kike, hajafika hata darasa la tano.

"Babu, si ulimi huo hapo."

Akatuonyesha. Ukikitazama mpini kwa upande wa tumbo, ule mfereji ambamo bapa hulala, utaona ndani yake bamba jembamba la chuma limebana ubavuni. Bapa likifunguka, bamba hilo huruka katikati na kusimama nyuma ya kisigino chake, na hapo hata umsukumie ng'ombe halirudi. Kulifunga, unalisukuma bamba kando kwa kidole gumba, unaanza kulikunja bapa kwa mkono wa pili, halafu unakitoa kidole gumba njiani kabla halijashuka lote. Hilo la kutoa kidole mtoto alilisema mara mbili, anatutazama kwa zamu. Changu kilikuwa kimepakwa grisi nzito ya kiwandani, na bamba limejificha ndani yake jeusi kwa jeusi. Nikasukuma. Tak. Kikajifunga kwa unyonge, bila ya ubishi wowote.

"Umejulia wapi weye?" ami akamuuliza.

"Kaka anacho."

Sijui kwa nini kila mtu kisiwa hiki ana kaka mwenye kisu isipokuwa mie.

Kutoka hapo ami alikuwa anafungua na kufunga. Ta, tak. Ta, tak. Alikwenda nacho msikitini magharibi, akarudi nacho. Kwenye chai mkewe aliweka maboflo mezani, akalishika lile la kwanza, akaligeuza, akachungulia ndani ya tundu.

"Nani kaanza kuula mkate huu kutokea katikati?"

Ami akamhadithia yote, na ya afande akayaongezea chumvi. Alipokwisha cheka, mke wa ami akanigeukia akifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Na hilo chungwa je, mwanangu? Ulilila?"

Nikalitoa mfukoni. Nusu jeupe, nusu kijani. Ami akanyoosha mkono akalichukua, ta, akalimenya lililobaki, akatugawia, akalipangusa bapa kwenye shuka, akalifunga, tak, akakitia kisu kwenye mfuko wa shati lake yeye na kuuliza nani anataka chai zaidi.