Belezoni: mfereji uliogeuka mto

Ukisimama Kipini leo, pwani ya Kenya, ukatazama maji ya mto Tana yenye rangi ya udongo yakiingia baharini, ni vigumu kuamini kwamba mto huu haukuwa ukipita hapa. Mkondo wake wa zamani ulimwagikia kusini zaidi, upande wa Chara. Kipini palikuwa mlango wa Ozi, mto mdogo tu. Karne ya 19 watu wakachimba mfereji mwembamba, Belezoni, ili vyombo vipite kati ya mito hiyo miwili. Mafuriko yakaupanua mwaka baada ya mwaka, mpaka Tana ikauacha mlango wake na kuhamia Ozi.

Naanzia huko kwa sababu hoja iliyopo sasa katika delta ni ileile: tuchimbe, tuzibe, au tuuache mto ujiendee?

Wanaotaka ujenzi wana sababu nzito. Huko Ozi mpunga hunyweshwa na bahari yenyewe, kwa namna ya ajabu. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanapojaa huusukuma mto nyuma, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu. Mkulima hufungua mdomo wa kijifereji chake wakati huo, tabaka la juu likaingia shambani, kisha akaziba kabla maji hayajapwa. Mto ukiwa na nguvu, hesabu hii haikosei. Ukidhoofika, chumvi hupanda mpaka kijiferejini. Ncha za majani ya mpunga huungua na kuwa njano, na shamba la msimu mzima hupotea. Mtu aliyeyaona hayo akidai tuta na milango ya kuzuia chumvi, siwezi kumwambia anakosea.

Lakini tuta haliuongezei mto maji, na kilichodhoofisha mto kiko mbali sana na Kipini. Kati ya 1968 na 1988 yalijengwa mabwawa matano ya umeme huko juu, Masinga likiwa kubwa kuliko yote. Umeme huo tunautumia na tunauhitaji, hilo halina ubishi. Ila mabwawa hayo hushika mafuriko na tope, vitu viwili vilivyoiumba delta. Ukijenga ukuta mlangoni huku maji yakizuiliwa juu, chumvi itatafuta upenyo kwingine, na mikoko inayotegemea mchanganyiko wa maji mawili itakosa upande mmoja. Kamba na samaki wachanga hukulia humo.

Tena matuta makubwa tumeshayajaribu. Mradi wa mpunga wa serikali kule juu ya delta ulikuwa na kingo na mifereji ya kitaalamu, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikauvunja. Vijifereji vya mkono huzolewa na mafuriko pia, lakini kijiji huvichimba upya kwa majembe bila kusubiri mkopo.

Kuna jambo wahandisi hulisahau, nalo ni malka, njia za wafugaji wa Kiorma za kufikisha ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi. Mfereji ukikata malka, umefunga mlango wa watu. Baada ya damu iliyomwagika Tana mwaka 2012 na 2013, katika ugomvi uliogusa malisho, mashamba na maji, sioni vipi mtu anaweza kuchora mfereji mpya kabla ya wafugaji na wakulima kuketi pamoja juu ya ramani.

Mimi naegemea vijifereji vidogo, na milango michache pale chumvi ilipokwisha kuua mashamba, lakini kwa sharti kwamba mabwawa yafungulie maji kwa msimu, kama mto ulivyokuwa ukifurika wenyewe. Gharama yake ni umeme kiasi, na ni haki igawanywe badala ya kuachiwa delta peke yake. Delta hii iliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mkulima wa Ozi anayepanda kwa kuhesabu bamvua bado anahitaji kuambiwa maji yatafunguliwa kiasi gani, na mwezi gani, kabla hajatia mbegu ardhini.