Ruzuku ya Mafuta kwa Wavuvi wa Visiwani: Haki Ipo, Lakini Si Kwenye Lita

Kila Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati ya Zanzibar, ZURA, inapotangaza bei mpya za mafuta na petroli ikawa imepanda, husikika hoja moja katika madiko yetu, yaani pale vyombo vinapotia nanga na kuuza samaki, kuanzia Malindi ya Unguja hadi Tumbe ya Pemba: kwa nini Serikali isiwapunguzie wavuvi bei ya lita, kama inavyofanywa katika nchi nyingine? Hoja hii haifai kubezwa. Nimeipima kwa kadiri nilivyoweza, na nitangulie kusema kwamba mizani yangu imeelemea upande wa kuikataa, kwa sababu ya hali ya bahari yenyewe na si kwa kuwaonea choyo wanaotutafutia kitoweo.

Wanaoidai ruzuku wana mambo matatu mazito. La kwanza ni la haki: mvuvi hununua petroli katika kituo kile kile anachonunulia mwenye gari, na ndani ya bei hiyo mna tozo ya barabara, ilhali mashine yake haijapata kugusa lami. La pili ni usalama, kwani nahodha anayebana matumizi huondoka na mafuta ya kwendea na kurudia tu, na kusi likimchachamalia njiani hana akiba ya kupambana nalo. La tatu ni ushindani. Nchi za Umoja wa Ulaya huyasamehe kodi mafuta ya meli zao za uvuvi, na China imetumia fedha nyingi kuzilipia mafuta meli zake, na baadhi ya vyombo vya mataifa hayo huvua jodari katika Bahari ya Hindi hii hii. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2018 ruzuku za uvuvi duniani zilifika dola bilioni 35.4, kati yake bilioni 22.2 zikiwa za aina inayoongeza uwezo wa kuvua, na fungu kubwa kuliko yote, takriban asilimia 22 ya jumla, lilikwenda kwenye mafuta. Mvuvi wa Kojani anayeuliza kwa nini yeye peke yake aachwe na bei ya soko hana kosa la kuuliza.

Lakini ruzuku ya lita humfuata anayechoma lita, na hapo ndipo pa kupaangalia kwa karibu. Alfajiri dikoni, kijana hubeba dumu la lita 20 begani, akaingia majini hadi kiunoni, akampandishia nahodha, naye akatia oili kwa kukisia, akatikisa, akaunga mpira. Dumu hilo lina hesabu yake jioni. Katika vyombo vingi, samaki wakishanadiwa, hutolewa kwanza gharama za safari, yaani mafuta, barafu na chakula, kisha kinachobaki hugawanywa: fungu la chombo, nyavu na mashine ni la tajiri, yaani mwenye chombo, na fungu jingine ni la mabaharia. Tuseme, kwa mfano wa kukisia tu, safari imeuza shilingi 600,000 na gharama zake, ambazo ni mafuta matupu, ni 200,000. Zilizobaki 400,000 zikikatwa nusu kwa nusu, mabaharia 8 watapata 25,000 kila mmoja. Ruzuku ikipunguza gharama ya mafuta kwa robo, zitaokolewa shilingi 50,000. Nusu yake ataondoka nayo tajiri mmoja, na kila baharia ataongezewa 3,125, fedha isiyofika kilo mbili za mchele. Mwenye ngalawa ya tanga hataambulia kitu, wala mama anayeteremka pwani na mchokoo wake, kijiti cha kuchokolea, wakati wa bamvua maji yanapokupwa sana, kutafuta pweza, wala mwenye dema, mtego wa kufumwa. Hao ndio wanaovua karibu, na ndio watakaopungukiwa na samaki pale wenye mashine za nguvu za farasi 40 watakapoweza kuzunguka mwamba ule ule mara mbili kwa gharama ya safari moja.

Hapa ndipo mazingira yanapoingia, nami siyatenganishi na mfuko wa mvuvi. Samaki wanapopungua karibu, safari hurefuka, mafuta hupanda, na siku nyingine chombo hurudi na hasara. Hasara hiyo inauma, lakini ndiyo inayomfanya nahodha akaliache eneo kabla halijawa tupu kabisa. Ruzuku huifuta hasara kwenye hesabu bila ya kuongeza hata changu mmoja baharini. Utafiti wa mwaka 2018 kuhusu bahari kuu zilizo nje ya mamlaka ya nchi ulikuta kwamba hadi asilimia 54 ya maeneo yanayovuliwa huko yasingeleta faida kwa kiwango cha uvuvi cha wakati ule lau si ruzuku. Kwa maneno mengine, meli zilikuwa zikivua fedha za walipa kodi. Na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linahesabu kwamba mwaka 2021 asilimia 37.7 ya akiba za samaki wa baharini duniani zilikuwa zikivuliwa kupita kiasi.

Hoja ya hewa ukaa sitaikawiza. Lita moja ya petroli hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksidi, na uvuvi wa baharini duniani ulichoma kiasi cha lita bilioni 40 mwaka 2011, lakini mchango wa mashine zetu katika hesabu hiyo ni mdogo mno, na anayemshutumu mvuvi wa Msuka kwa joto la dunia atakuwa amekosea mlango. Tena uvuvi wa kuzungushia samaki wadogo, kama dagaa wetu wa usiku wa giza, ni miongoni mwa uvuvi unaotumia mafuta machache zaidi kwa kila kilo. Tatizo la dagaa ni jingine: ndio chakula cha jodari na nguru, kwa hiyo kuwavua kupita kiasi ni kuwanyima wakubwa riziki.

Jibu zuri kuliko yote la wanaotaka ruzuku ni kwamba mafuta ya bei nafuu yatawaondoa wavuvi kwenye miamba na kuwapeleka kwenye kina kirefu, na kwa hivyo mazingira yatanufaika. Nilipolisikia kwanza lilinitikisa. Nikalirudia kwa kuitazama ramani. Upande wa magharibi wa Pemba kina hushuka ghafla. Mlango wa Pemba unapita mita 500, na mvuvi wa Wesha au Wete akishavuka visiwa vidogo hahitaji safari ya siku nzima kuyafikia maji ya jodari. Kwa Unguja mambo hayafanani, kwa kuwa mlango unaoitenga na Mrima, yaani pwani ya bara, ni wa kina kifupi, ila upande wa mashariki, nje ya mwamba, kina nacho hakiko mbali. Kinachowabakiza watu mwambani ni chombo kisichohimili mawimbi, barafu isiyopatikana, na zana zisizofaa kwa samaki wa kina. Na pampu ya kituoni haiulizi dumu linakwenda wapi: punguzo atakalolipata anayekwenda kuvua nguru kwa mshipi atalipata vilevile mwenye kukokota juya, wavu wa kuburura, au kupiga kigumi, uvuvi wa kupigapiga mwamba kwa miti, juu ya matumbawe ya Ghuba ya Menai.

Ghana imeipita njia hiyo. Kwa miaka mingi Serikali yake imelipia sehemu ya bei ya mafuta yaliyochanganywa maalumu kwa ajili ya mitumbwi, na malalamiko ya kuchepushwa kwa mafuta hayo na kuuzwa kwingine hayajakoma, huku samaki wadogo wanaotegemewa na wavuvi wake wakipungua vibaya hadi mwaka 2019 ikabidi mitumbwi yenyewe ifungiwe kuvua kwa muda.

Kisheria hatujafungwa mikono. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani uliopitishwa Geneva tarehe 17 Juni 2022 na kuanza kutumika tarehe 15 Septemba 2025 unakataza ruzuku kwa uvuvi haramu na kwa samaki waliokwisha kuvuliwa kupita kiasi, lakini haukatazi ruzuku ya mafuta kwa jina lake. Sehemu ya pili iliyokusudiwa kuzibana ruzuku zinazoongeza vyombo na uwezo wa kuvua ilikwama katika mkutano wa Abu Dhabi mwaka 2024. Uamuzi, kwa hiyo, ni wetu.

Tozo ya barabara anayokatwa mvuvi ningeirudisha, ila dikoni badala ya kituoni: barafu, majaketi ya kuokolea, redio za kuitia msaada, na posho ya miezi ambayo kijiji kimekubali kufunga mwamba wake, kama walivyofanya watu wa Kisiwa Panza kwa pweza. Nakiri kwamba barafu ya mwakani haimsaidii baharia anayedaiwa na tajiri leo, na kwa hilo sina jibu la kumridhisha.

Na ikiwa kuna lita zinazostahili kulipiwa na umma bila ya mjadala, basi ni za boti ya doria ya kamati ya wavuvi ya shehia. Boti hiyo nayo hununua petroli kwa bei ile ile ya kituoni, kwa fedha za kuchangishana, na mchango usipotimia hukaa mchangani siku ambayo juya linakokotwa mbele ya macho ya kijiji kizima.