Anayefungwa Hana Kura

Hebu tuwekane sawa. Kwenye mchezo huu anayechapwa usiku kucha haulizwi chochote. Anayechapa ndiye anayeitwa mezani kuulizwa kama fimbo aliyoshika ni nene kupita kiasi. Wanakaa, wanajadiliana, wanapiga kura, wanatoka na uamuzi kwamba fimbo iko sawa tu. Sasa mlitarajia aseme nini?

Nazungumzia Pokémon, mchezo wa video wa kupambanisha viumbe. Ndiyo, mimi huyu, na mvi zangu. Mchezo ulianza Japani mwaka 1996, kwa hiyo anayeshangaa mtu mzima kuucheza ajue kwamba mchezo wenyewe nao umeshavuka umri wa kuoa.

Kupigana hakunichoshi, kupigana ni raha. Una viumbe wako sita, mwenzako ana sita wake, mnakwenda zamu kwa zamu mpaka upande mmoja uishe. Kinachonimaliza ni mjadala wa nani afungiwe, yaani akatazwe kutumika. Mjadala huo haulali. Kizazi kipya cha mchezo kikitoka, watu hawajamaliza hata kuyajua majina ya viumbe, tayari kuna mtu koo limemkauka kwa kupiga kelele fulani atolewe.

Kampuni yenye mchezo ina mashindano yake, ya wawili kwa wawili, na sheria zake. Sisi wa mmoja kwa mmoja tunafuata sheria ambazo wachezaji wenyewe wamezitunga na kuzishonashona miaka nenda rudi. Kuna madaraja. OU ni ya wale wanaotumika sana, ndiyo ligi yenyewe. Chini yake kuna UU, ya wanaotumika kidogo, na unaendelea kushuka hadi unafika PU, ambako kuna viumbe hata mama zao wamewasahau. Juu kuna Uber, wanakotupwa walioshindikana. Kiumbe asipotumika angalau asilimia 4.52 anashushwa daraja. Nilimuuliza mpwa wangu hiyo namba wameiota wapi.

“Mjomba, maana yake ukicheza mechi 15, uwezekano wa kumkuta angalau mara moja ni nusu kwa nusu.”

“Mbona kuna mmoja mimi namkuta kila mechi?”

“Hiyo sasa ni nuksi yako, mjomba.”

Huyu mpwa wangu ana adabu sana. Hawezi kuanza mechi bila kuniamkia. “Shikamoo mjomba,” namwitikia marahaba, kisha ananifunga sita kwa bila.

Turudi kwenye kura. Kiumbe akilalamikiwa vya kutosha, unafunguliwa muda wa kumjaribu. Atakayepiga kura lazima kwanza apande ngazi kwa kushinda mechi, hadi afikishe kipimo fulani kinachokadiria uwezekano wake wa kumshinda mpinzani yeyote aliyeokotwa tu. Mara nyingi wanataka kipimo kikaribie 80 kwa mia. Themanini! Mwenye themanini analia nini? Ameshiba huyo. Halafu ili kiumbe afungiwe, zinatakiwa kura asilimia 60 za hao hao walioshiba. Mimi mhanga, ninayeweza kuonyesha kila jeraha na kulitaja kwa jina la aliyelitia, nimekaa nje ya mlango nasikiliza.

“Ukitaka kufika haraka, mjomba, mtumie huyo huyo anayejadiliwa.”

“Nimtumie ili nipate haki ya kumfungia?”

“Ndiyo.”

“Na nikimzoea, nikaanza kushinda?”

“Utapiga kura abaki.”

Mtoto huyu atakuja kuwa mwanasiasa.

Mimi mtu wangu ni Charizard. Sijali mnasema nini. Joka, moto, mabawa, mnataka nini tena? Lakini mwaka 2006, kizazi cha nne, likaletwa pigo linaloitwa Stealth Rock. Mpinzani anatandaza mawe upande wako mara moja tu, basi. Kila unayemwingiza anaumia, na kiasi cha kuumia kinategemea aina yake ilivyo nyonge kwa mawe. Charizard ni wa moto na wa angani, na vyote viwili ni vinyonge kwa mawe. Matokeo yake anapoteza nusu ya uhai kwa kuingia tu. Kwa kuingia! Joka limetanda mabawa, limenguruma, halijafungua hata mdomo kutema cheche, nusu imekwenda. Nikauliza, ndege anakanyagaje mawe? Nikajibiwa kwamba mawe yenyewe yanaelea. Nikanyamaza, maana ukishaambiwa mawe yanaelea hakuna tena cha kubishana.

Na mawe hayo hayajafungiwa ng’o. Kila ninapoyataja naelezwa kwa upole kwamba yanasaidia kuwabana wanaoingia na kutoka ovyo, na kwamba bila mawe kuna wengine watatamba. Watambe! Mbona hao wenu wanatamba? Baada ya kilio cha miaka, mchezo wa 2019 ukaleta dawa: buti. Ndiyo, Heavy-Duty Boots, kiumbe akizivaa mawe hayamgusi. Kwa hiyo joka langu sasa linaingia vitani limevaa buti, na kwa kuwa kila kiumbe anaruhusiwa kubeba kitu kimoja tu, wenzake wanabeba silaha, yeye amebeba viatu.

Usidhani hawajui kufungia. Wakitaka wanafungia vizuri mno. Chukua Wobbuffet. Huyu kwa kawaida hashambulii kabisa. Akisimama mbele yako huwezi kumtoa kiumbe wako, umenaswa, na yeye anasubiri umpige akurudishie kipigo mara mbili. Kizazi cha tatu ilikuwa balaa zaidi wakikutana wawili. Huyu kamnasa yule, yule kamnasa huyu, kila mmoja anasubiri apigwe kwanza, na kila mmoja anajitibu kidogo kidogo kwa mabaki ya chakula aliyobeba. Hata wakiishiwa mapigo yote, wanavyojiumiza ni kidogo kuliko wanavyojitibu. Mechi hiyo ungeweza kuiacha kwenye wosia. Kizazi cha nne watengenezaji wenyewe wakaamka wakarekebisha.

Au Bidoof. Mnamjua Bidoof? Meno mawili, macho ya kushangaa, kiumbe ambaye hata yeye hajui kwa nini yupo. Kizazi cha tano akapewa uwezo wa Moody. Kila zamu ikiisha, sifa yake moja inapanda hatua mbili na nyingine inashuka moja, kwa kubahatisha. Siku hizo hata kukwepa mapigo kulikuwemo kwenye hiyo kapu. Ukimwacha akijificha zamu kadhaa, anageuka mtu asiyeguswa. Wakaufungia uwezo wenyewe mwaka 2011. Na mimi nakubali, hapo walitenda haki, ingawa ningelipa kiingilio kuwaona watu wazima wamekaa kikao kumjadili Bidoof.

Mwaka huo huo ndipo walipotunga sheria ninayoipenda kuliko zote. Politoed, chura, alipata uwezo wa kuleta mvua akiingia tu uwanjani, na enzi hizo mvua hiyo ilikuwa haikatiki mpaka mtu mwingine alete hali yake ya hewa. Kuna waogeleaji, akina Kingdra na Kabutops, wakipata mvua kasi yao inakuwa maradufu. Timu moja inaleta chura, inaleta waogeleaji, na wewe unabaki kutazama maji. Wangemfungia chura, yaishe. Hapana. Wakakaa, wakatoka na hukumu: chura ruksa, mvua ruksa, waogeleaji ruksa, ila uwezo wa chura na uwezo wa waogeleaji usionekane ndani ya timu moja. Tangu hapo kila mwenye kipenzi chake anakuja na ombi la namna hiyo. Huyu asifungiwe yeye, lifungiwe pigo lake. Yule asifungiwe, ifungiwe ile shanga anayovaa. Nami nikaomba mawe yasifungiwe, yakatazwe tu Charizard akiwepo. Wakacheka. Chura wamemsikiliza, mimi wamenicheka.

Na Garchomp? Yeye alikuwa na uwezo wa kujificha kwenye dhoruba ya mchanga. Pigo la uhakika asilimia mia likawa linamkosa mara moja katika tano. Mara moja katika tano haionekani nyingi mpaka ujue kwamba hiyo moja ni yako. Akafungiwa kizazi cha nne, akaja kufungiwa tena cha tano, hatimaye wakaufungia uwezo wenyewe na yeye akarudi mtaani akiwa na ngozi ya kukwaruza. Wanasema amebadilika.

Lakini kituko cha vituko ni Rayquaza. Mwaka 2014 alipewa umbo la Mega, la nguvu zaidi. Wenzake wote wakitaka kugeuka Mega lazima wabebe jiwe lao. Yeye hapana, kujua pigo moja tu kunamtosha, mkono uko huru kubeba kitu kingine. Uber, nikukumbushe, ndiko wanakotupwa walioshindikana. Mewtwo, mmoja wa wakali wa mchezo huu, yuko kule. Huyu akafika, akawapiga walioshindikana mpaka nao wakashindwa. Ikabidi gereza limfukuze mfungwa! Wakajenga daraja jipya juu ya Uber, Anything Goes, kila kitu kinaruhusiwa, wakamtupa huko. Nimejaribu kumweleza mke wangu jambo hili mezani, akaniuliza kama nimelipa umeme.

Kizazi cha tisa ndiyo usiseme. Kuna Palafin, pomboo. Anaingia uwanjani mnyonge kabisa, nguvu ya kushambulia 70, anatabasamu. Anatolewa. Akirudi ana kifua, ana mabega, kushambulia 160. Ametoka mlango huu karudi mlango ule! Amekwenda wapi kule nyuma? Amekula nini? Nataka nami nipelekwe. Huyo walimfungia. Kuna Houndstone, mbwa wa makaburini, pigo lake linaanza na nguvu 50 na kila mwenzake akianguka linaongezeka 50. Wakianguka watano, ni 300. Sasa fikiria hali yangu. Nafasi za kumwangusha mtu kwangu ni chache, nikiipata nafurahi, napiga kofi mezani. Kumbe kila ninayemwangusha nampa mbwa chakula. Kwanza walimfungia mbwa, baadaye wakaona heri walifungie pigo lenyewe, mbwa wakamwachia.

Flutter Mane naye, kasi 135, mapigo ya mbali 135, kinga dhidi ya mapigo hayo 135. Aliyempa hizo namba alikuwa anawahi basi. Akafungiwa, na sikusikia mtu akimlilia.

Halafu kuna vita vya mfumo mzima. Mwaka 2019 mchezo uliuzwa kwa kitu kimoja kikubwa, Dynamax: kiumbe anavimba kwa zamu tatu, uhai wake unaweza kufika maradufu. Ulitoka Novemba, Desemba hiyo hiyo OU wakasema hapana, hatuvimbi hapa. Kizazi kilichofuata kikaja na kugeuza aina katikati ya pambano. Unamwandalia kiumbe wa moto maji, unamrushia, kumbe sasa hivi amekuwa nyasi. Huo wameupigia kura, wameujadili, umebaki. Wanauita ufundi. Mimi nilikuwa nadhani ufundi ni kujua unampiga nani.

Ukilalamika kuna jibu moja tayari: jifunze kucheza. Na ushahidi wao ni ule ule. Mwaka 2014 Se Jun Park alichukua ubingwa wa dunia akiwa na Pachirisu, kindi mdogo wa umeme ambaye hakuna aliyemdhania. Kama Pachirisu alifika fainali na kushinda, wewe unalia nini? Nalia kwa sababu huyo ni Se Jun Park. Mimi nikimchukua kindi huyo huyo anakufa zamu ya kwanza, na kwa mshangao ule ule alionao usoni siku zote.

Basi juzi nikaamua kuandika orodha yangu, nikamsomea mpwa. Mawe, yatoke. Mchanga, utoke. Mvua, itoke, na chura wake. Gholdengo, yule wa sarafu, mapigo ya hila hayamgusi hata kidogo, atoke, na sarafu zake zote 999 zilizotumika kumkuza. Wanaotangulia kupiga hata kama ni wazembe, watoke. Wanaojitibu, watoke. Wanaolaza wenzao usingizi, hao tayari wametoka, wasithubutu kurudi.

“Mjomba, samahani. Watabaki nani?”

“Charizard.”

“Na mimi nitatumia nani?”

Sikuwa nimefika huko, lakini mimi si mtu mchoyo. “Nawe chukua Charizard.”

“Wote kasi 100?”

“Wote.”

“Wakilingana kasi, mjomba, anayeanza anachaguliwa kwa bahati tu. Nusu kwa nusu, kila zamu.”

Nikachukua kalamu, nikaiongeza bahati kwenye orodha.